Udongo wa Bi Taratibu

6 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Salamu zangu zipokee kwa mikono miwili maana ni nzito, nimezikusanya tangu ile asubuhi ya Desemba ulipoondoka na begi lako moja ukatuachia mnyama wako mezani. Hapa sote wazima. Baba yako mzima, ila miwani yake ya kutengenezea saa sasa anaivaa hata wakati wa kula, anaikagua chumvi kama anatafuta skrubu iliyodondoka. Kaka yako amepata mtoto wa kike. Pua kachukua yako, pole yake. Kitaluni miche ya mipapai imeota yote, hakuna kiriba hata kimoja kilichobaki kitupu, na wapita njia wanasimama kuuliza huyu mama udongo wake anauchanganya na nini. Siwaambii.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe ni "ndiyo mama, hapana mama, mtandao unasumbua mama". Karatasi haisumbui. Mimi niliishia darasa la tano, lakini mwalimu wangu alisema kwa mwandiko huu ningeweza kuajiriwa popote.

Sasa habari. Mchoraji amemaliza kibao kipya cha kitalu, kwa ile ile rangi ya kijani niliyokuonyesha Desemba, maandishi meupe: MICHE BORA KWA MAMA DAKTARI. Najua umebakiza miaka miwili, usinune. Kibao kinakaa juani muda mrefu, nimeona kianze kuzoea mapema. Watu wananiuliza daktari wa nini, nawaambia wa wadudu. Wengine wanacheka. Wacheke. Siku mdudu akiwaingia sikioni watanijua.

Na huyu Bi Taratibu wako. Ulituachia ukasema bweni la chuo limekataza wanyama, sawa. Lakini mwanangu, ulimlaza kwenye udongo gani ule? Mkavu, wa kahawia isiyo na maana, kama wa kuzibia tundu la panya. Wageni wanakuja kumwona buibui wa daktari, buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja changu, halafu wanamkuta kwenye umaskini ule? Niliona aibu. Mimi mwenye kitalu, buibui wangu alale pabaya kuliko nyanya!

Basi nikamtoa kwa bakuli na kipande cha kadibodi kama ulivyonifundisha. Sikupiga kelele. Baba yako alipiga. Nikamwandalia mchanganyiko wangu mwenyewe: udongo mweusi, samadi ya ng'ombe iliyoiva, majivu, na konzi moja ya mbolea ya chumvichumvi, ile ya kukuzia maua. Juu nikapanga kokoto nyeupe. Pamependeza mpaka natamani kuhamia. Naye amefurahi: tangu juzi hashuki chini, amesimama kwenye kioo, miguu yote minane ameitanda, anasalimia wageni.

Kula vizuri. Na kucha zako uziangalie. Unakumbuka nilivyokuwa nakusugua kwa brashi na limau kila asubuhi kabla ya shule, ili mtu asijue mama yako anashika udongo? Mikono ya kushika kalamu, nilikuwa nasema. Na tazama sasa.

Ni mimi mama yako mwenye furaha.


19 Februari

Mama, shikamoo. Na baba mfikishie yake. Hongera kwa mjukuu, mwambie hiyo pua ataizoea. Mimi mzima. Masomo yapo. Simu yangu imeharibika, kwa hiyo tuandikiane tu.

Mama yangu, nakuomba ukimaliza kusoma mstari huu uweke barua chini, uende ukamtoe Bi Taratibu kwenye udongo huo. Kisha urudi usome uliobaki.

Umerudi? Ahsante.

Buibui wa aina yake akikaa kwenye kioo hasalimii mtu. Anaukimbia udongo. Yeye ni mchimbaji, maisha yake yote yako chini, na akikataa kushuka ujue kule chini pamemshinda. Samadi ina joto na harufu. Majivu yanamuunguza. Ile mbolea ya maua ni sumu. Mama, yeye haoti. Hahitaji udongo wa kumkuza, anahitaji wa kuchimba tu. Na kokoto zote zitoe: tumbo lake ni laini kama zabibu, akidondoka kutoka kule juu akaangukia jiwe litapasuka, na hatapona.

Kuhusu wadudu, wadudu wana miguu sita. Mweleze hivyo atakayekuuliza.

Barua zako sasa zitume kwa anwani niliyoandika nyuma ya bahasha. Ile ya chuo inachelewesha.

Kibao naomba usubiri kwanza kukitundika.

Mwanao.


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako naye anaitikia kutoka mezani kwake, kwa kichwa tu, maana mdomoni kashikilia skrubu tatu. Mjukuu anakua, analia kwa sauti ya kaka yako alipokuwa anaachishwa ziwa. Kibao kimeshapigiliwa misumari. Kusubiri ni kwa wasio na uhakika.

Bi Taratibu nilimtoa kabla hata sijakunja barua. Alikuwa mzito mkononi, hana mbio, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Siku mbili nilimweka kwenye ndoo tupu, nikawa namchungulia kila nikipita na mwiko. Sikusema kitu mbele ya wageni. Niliwaambia amepumzishwa.

Halafu nikafikiri. Kama utajiri wa udongo ni kosa, basi nimpe usafi. Nikachukua mchanga wa mtoni, nikauosha mara saba, nikauanika kwenye shuka jeupe, nikauchekecha kwa chujio la chai. Mwanangu, ulikuwa unang'aa kama sukari. Hauna harufu, hauna rangi, hauna dhambi. Nikamwekea. Na akashuka! Siku hiyo hiyo! Nikamwambia baba yako: unaona? Mwanao kasoma, lakini na mimi nina akili.

Akaanza kuchimba. Nilivuta kigoda nikakaa alasiri nzima namtazama. Anakusanya mchanga kwa miguu ya mbele, anaukumbatia kama mtu aliyebeba furushi la nguo, anauweka pembeni, anarudi. Anakuta shimo limejaa. Anabeba tena. Linajaa tena. Halina sauti yoyote. Jua linaingia kwa dirisha la baba yako, saa za watu zinagonga kila moja kwa mwendo wake, na yule bibi anachimba kama anachimba maji. Nikasinzia pale pale. Nikaota mimi ndiye ninayechimba, na wewe uko chini unaniita, na kila nikitoa konzi moja sauti yako inakwenda mbali kidogo zaidi. Nilipoamka shingo ilikuwa imekakamaa, naye bado anabeba.

Sasa niambie anataka nini. Mimi nimekuza miche maelfu. Haiwezekani nishindwe na mpangaji mmoja.

Na ile picha yako umevaa koti jeupe la maabara, mbona haifiki? Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili ameniuliza mara mbili. Nimemwambia unapiga wiki hii. Fremu nimeshaitundika ukutani juu ya meza ya baba yako. Ipo tupu, inakutazamia.

Mama yako.


30 Aprili

Mama, shikamoo. Samahani kwa kimya. Huku siku zinakuwa ndefu halafu zinaisha.

Mchanga peke yake haushikani, kwa hiyo shimo haliwezi kusimama. Si kosa lake na si kosa lako.

Tafuta udongo wa chini, ule unaoanza urefu wa mkono kutoka juu, ambao haujawahi kuonja mbolea. Weka sehemu tatu. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu mbili, yaloweke kisha uyakamue. Mchanga wako nusu sehemu tu, usisikitike. Nyunyiza maji kidogo. Halafu finya konzi. Ikishikamana bila kutoa tone, na ukiisukuma kwa kidole gumba ikavunjika vipande vitatu vinne, si vumbi, ipo tayari. Ikiacha utelezi kiganjani imelowa mno, ukungu utaingia.

Jaza zaidi ya nusu ya kasha, ukishindilia kwa kiganja, tabaka kwa tabaka. Juu ibaki nafasi ndogo, ili hata akipanda kioo asiwe na mbali pa kuangukia. Kisha pembeni, penye kioo, chomeka kidole kiingie chote, kwa mshazari, halafu ukitoe. Basi. Usimchimbie. Mwanzishie tu, umwache amalize mwenyewe.

Picha bado.

Mwanao.


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichukua siku tisa njiani na nimeisoma mara tisa. Si ndefu, haikunipa kazi. Baba yako anakohoa kidogo, vumbi la saa za zamani. Mjukuu ameota jino. Mvua imetuharibia miche miwili mitatu ya waridi, sitaji hesabu mbele ya watu.

Udongo wa chini nimeupata kwa mchimba visima. Alikuwa futi nyingi ardhini, nikainama mdomoni mwa kisima nikamwita, akaniuliza, "Mama, udongo wa huku wa nini? Hauoti hata jani!" Nikamwambia, "Ndio huo huo ninaoutaka, ni wa daktari." Akanipandishia ndoo mbili, na ya tatu ya heshima. Nikapima, nikaloweka, nikakamua. Nikafinya konzi nikaisukuma kwa gumba. Vipande vinne! Nikamwita baba yako aje ashuhudie, akaja na miwani.

Nikashindilia. Nikachomeka kidole, nikakitoa. Nikamshusha Bi Taratibu.

Alisimama muda mrefu mguu mmoja ukiwa hewani, kama anayejaribu maji ya kuoga. Kisha akaingiza mguu kwenye tundu la kidole changu. Mwingine. Halafu kichwa. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Sikumwona akiingia, niliona tu amepungua, amepungua, mpaka hayupo. Kwa siku nne alichimba akifuata kioo, nasi tukamwona kwa ubavuni kama tumepata dirisha la kutazamia ardhini. Ana korido. Ana chumba. Chumba amekitandika uzi mweupe, safi kuliko cha kaka yako. Jioni kabla ya chakula mimi na baba yako tunakaa tu hapo. Unakuta chai imepoa na hakuna aliyeigusa.

Karatasi yako ilikuwa na doa pembeni, la kidole gumba. Baba yako alisema ni chai. Nami nikasema ni chai.

Lakini sasa nina wasiwasi. Jana ameziba mlango. Amevuta uzi, amechanganya na udongo, ameziba kama mtu aliyefunga kwa komeo, na ule upande wa kioo nao ameupaka utando mzito, haonekani tena. Nilimwekea panzi kabla, hakumgusa. Amekasirika? Nimemkosea nini tena? Au ndiyo amekufa? Niandikie upesi.

Mama yako.


27 Juni

Mwanangu,

Salamu. Wazima. Sijapata jibu lako, nikasema labda posta.

Wiki ya sita mlango umefungwa. Mwalimu mstaafu alikuja, akainama, akagonga kioo kwa kucha. Akasema, "Mama Daktari, pole. Hapo umebaki na kaburi la kioo. Fukua uthibitishe." Nikamwambia, "Kwako wewe kila aliyenyamaza amekufa, ndiyo maana darasa lako lilikuwa na kelele." Akacheka, akaenda. Lakini alipoondoka neno lake lilibaki.

Leo asubuhi nilichukua kijiko. Nimekishika mpaka kimepata joto la mkono wangu. Nitakachokuta ni nini? Nikimkuta amekufa nitakwambia nini, wewe uliyemlea tangu akiwa mdogo kama punje ya mahindi? Na nikisubiri akafa kwa sababu nilisubiri?

Kijiko kipo juu ya kasha. Naandika huku nakitazama. Nitangoja barua yako mpaka mwezi ukiandama, baada ya hapo nitafukua.

Kwa nini huandiki?

Mama yako.


8 Julai

Mama, usichimbe.

Shikamoo. Nakuomba sana, usichimbe. Hajafa. Amejifungia kwa sababu ngozi yake imembana na anajiandaa kuivua. Anafanya hivyo akiwa peke yake, amelala chali, na inamchukua muda kujiandaa, wiki, wakati mwingine miezi. Hali chakula. Hataki kuguswa, hataki mtikisiko, hataki mwanga. Ngozi mpya ikiwa bado laini hata kijiko kinatosha kumuua. Ukifukua sasa utampata, lakini utampata kwa mara ya mwisho.

Unyevu tu, pembeni, matone machache kwa wiki. Mengine anajua mwenyewe.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Mama, likizo ya mwezi ujao siwezi kuja. Usiniulize.

Mwanao.


1 Agosti

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Marahaba. Nianze na habari za nyumbani, zipo nyingi.

Nilimsomea baba yako barua yako. Nilipofika kwenye neno mtikisiko akavua miwani. Akaenda ukutani, akashika kile chuma kinachobembea ndani ya saa kubwa, akakisimamisha kwa kidole. Kisha ile ya mezani. Kisha za wateja, moja moja, zote kumi na saba. Nikamwambia, "Wenyewe wakija?" Akasema, "Watazikuta." Kwa hiyo nyumba yetu sasa haina saa. Tunakula tukisikia njaa. Mchana unaingia chumbani, unakaa, unaondoka taratibu bila mtu wa kuusukuma. Wateja wakija tunawafungulia mlango kwa kunong'ona nao wananong'ona, hawajui kwa nini. Mjukuu akiletwa hapa analala papo hapo. Mwenyewe nimelala mchana mara nyingi kuliko miaka yangu yote, na ile ndoto ya mchanga haijarudi.

Kijiko nimekirudisha jikoni.

Sasa nisikilize. Sikuulizi, umesema nisikuulize. Nakwambia tu.

Lile doa halikuwa chai. Nililinusa siku ile ile. Miaka thelathini nashika udongo, mwanangu. Lile lilikuwa na makumbi ya nazi, udongo mwekundu wa chini, na ule unga mweupe wanaotia kwenye viriba vya maua. Na ile habari ya konzi kuvunjika vipande vitatu vinne haimo kwenye kitabu chochote. Mimi nilifundishwa na mama yangu, na wewe hukuwahi kunisikiliza, ulikuwa unaharakisha shule. Hiyo haijulikani kwa kusoma. Inajulikana kiganja kikishafinya mara elfu. Nimelijua hilo tangu Mei. Nikasema chai.

Nimekaa kimya kwenye hizi alasiri zisizo na saa nikaufikiria ule udongo wangu wa kwanza. Samadi, majivu, mbolea, na kokoto nyeupe juu. Nilikuwa namwandalia wageni. Sikumwandalia yeye. Na alipokuwa kwenye kioo hana pa kushuka, nilisimama hapa nikawaambia watu anasalimia.

Nimeshusha kibao. Mchoraji alikuja na ngazi akauliza, "Kuna kosa la herufi?" Nikamwambia herufi zote zipo sawa. Kipo nyuma ya nyumba, kimegeuzia uso ukutani. Mwalimu mstaafu alipita akasimama, nikasubiri aseme neno ili nimjibu, hakusema. Akanunua mpapai. Hata bustani hana.

Kitaluni nimeongeza kigoda cha pili kwenye meza ya kujazia viriba. Hakuna anayekikalia. Nimekiweka tu, halafu nikaondoka.

Matone kwa wiki anapata. Mlango bado umefungwa.

Mama yako.


19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama bandani, na doa utakaloliona hapa ni la leo, sikulificha.

Novemba majibu ya kemia yalitoka. Nilikuwa nimeshindwa mara ya pili. Wakaniondoa. Bweni halikukataza wanyama, mama, lilinikataza mimi, ndiyo maana nilimleta Bi Taratibu. Nilikuja Desemba nikiwa na maneno yote mdomoni, nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nikakukuta mlangoni umeshika vipande viwili vya mbao vilivyopakwa rangi, unaniuliza ipi itafaa zaidi kwa neno daktari. Nikasema kijani.

Tangu Januari niko kwenye kitalu cha maua. Ile anwani ni ya hapa. Nilianza kwa kujaza viriba. Wiki ya tatu msimamizi alinikuta nafinya konzi na kuisukuma kwa gumba, akaniuliza, "Wewe nani kakufundisha hivyo?" Nikasema mama. Kumbe nilikuwa nakutazama kila asubuhi wakati unanisugua kucha, huku nyuma yako meza imejaa. Hukunifundisha, lakini niliona. Sasa mimi ndiye ninayechanganya udongo wa mabanda yote manne, na wa miche yenye kulalamika wanauleta kwangu.

Lakini ninachoogopa kukwambia si kwamba niliondolewa. Ni kwamba sijutii. Naamka asubuhi nikiutaka mchanganyiko, harufu yake ikiwa bado baridi. Umesugua mikono hii miaka saba ili isifike hapa, nayo imefika kwa miguu yake yenyewe. Nilikuwa naona nikikuandikia hivyo nitakuwa nimekuvunjia kitu ambacho sina namna ya kukutengenezea.

Nimepewa siku kumi za mapumziko kuanzia tarehe kumi na mbili Septemba. Sijui kama nije.

Mwanao.


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Amefungua.

Siku sijui, saa ndiyo kabisa, maana unajua hali ya nyumba. Ilikuwa mwanga wa asubuhi. Baba yako alikuwa amekaa, mimi nimebeba kikombe. Utando wa mlangoni ukatikisika kama kitambaa mtu anapopumua nyuma yake. Ukapasuka kidogo. Tukangoja. Ukatoka mguu mmoja, mweusi, mpya, unang'aa kama umepakwa mafuta. Halafu akasukuma nje kitu kikavu, chepesi, akakiacha mlangoni kama mtu anayetoa takataka, akarudi ndani. Ilikuwa ngozi yake ya zamani. Nzima, mwanangu! Miguu yote minane, manyoya yote, hata kucha! Baba yako akaichukua kwa kibano chake cha saa, pumzi kaishikilia, mimi nimeshika kikombe na chai inanimwagikia. Ameigundisha kwenye kitambaa cheupe na kuitia kwenye ile fremu. Imeenea sawasawa. Sasa fremu haipo tupu tena na hakuna anayeniuliza habari ya koti.

Amekuwa mkubwa. Kiganja changu hakimtoshi sasa. Chakula bado sijampa, mpaka meno yake yakomae. Hilo nimelijua mwenyewe, usinifundishe.

Baba yako ameziamsha saa zote. Kila moja ameianzisha pale iliposimama, hakuzirekebisha. Anasema atazirekebisha ukifika, anataka mtu wa kumtajia dakika.

Na sasa nikiri kosa jingine. Barua yako nilipoimaliza nililia kidogo, si sana, kisha nikatoka nje nikamkuta Mwalimu mstaafu. Nikamwambia, "Mwanangu ndiye anayechanganya udongo wa mabanda manne." Akasema, "Lakini si ulisema daktari?" Nikamwambia, "Mwalimu, wewe umeshawahi kumlaza buibui mchimbaji, akachimba, akajivua, akatoka salama?" Akasema hajawahi. "Basi nyamaza." Akanyamaza. Samahani, mwanangu, ilinitoka. Nimejaribu kuacha, lakini umenipa kitu kizuri kuliko cha kwanza, na mimi ni mimi.

Mchoraji anauliza kibao tukiandike nini. Nimemwambia asubiri tarehe kumi na mbili, tutamuuliza mwenyewe.

Kwa hiyo hujui kama uje. Kigoda kipo. Mpaka sasa paka ndiye amekaa juu yake mara moja, nikamwondoa kwa heshima. Ile brashi ya kucha nimempa baba yako anasugulia kutu. Ndimu na limau zilizopo ni za chai.

Usijisugue, mwanangu. Panda gari hivyo hivyo kutoka bandani, mikono kama ilivyo, na watu wa kiti cha pembeni wakiikodolea macho waambie mama yako ndiye aliyeitaka hivyo. Nataka niufinye udongo wako kabla haujakauka, nione unavunjika vipande vingapi.

Mama yako.